Mkono Usioshika Mkasi

Mtoto mpya alipoletwa kwa Bi Fundi hakupewa sindano. Alipewa mkasi. Wala haukuwa mkasi mdogo wa kukatia kucha. Ulikuwa ule mkubwa wa mafundi wa cherahani, wenye vishikio vyeusi, mzito hata mtoto akaupokea kwa mikono miwili kama anayepokea sahani ya mchuzi. Kisha alipewa kipande cha leso kuukuu, ile kanga ya kujitanda, akaambiwa akate. Akate nini, afuate mstari gani, hakuambiwa. Mama aliyemleta alikuwa bado amesimama mlangoni, na kwa kawaida ndiye aliyeshtuka. Bi Fundi hakumtazama mama. Alitazama mkono wa mtoto, na si ule wenye mkasi.

"Weka mato hapa," alisema, akiugusa ule wa pili ulioshika kitambaa. "Mkono usioshika mkasi ndio unaokatwa."

Alisema mato kwa sababu kwao, visiwa vya kaskazini, macho huitwa hivyo, na miaka yote aliyoishi Malindi haikumbadilisha ulimi. Binti yangu Kadzo alikuwa amezoea Kigiriama cha nyumbani na Kiswahili cha Kisumu Ndogo, mtaa wa pembeni mwa mji. Siku yake ya kwanza aliitwa, "Ndoo hapa," akaenda uani akarudi na ndoo ya maji. Watoto wengine walicheka. Bi Fundi aliipokea ile ndoo, akanawa mikono, akamshukuru, akamwambia aketi. Hakumweleza kwamba alikuwa amemwambia njoo. Kadzo aligundua mwenyewe baadaye, akaniuliza kwa nini bibi alinawa mikono iliyokuwa safi.

Tulikuwa wapangaji wake, mimi na mume wangu na mtoto, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Tulihama Kisumu Ndogo mvua za masika zilipotuangushia ukuta, tukapata chumba cha uani katika nyumba yake ya mji wa kale. Mume wangu alifanya kazi katika jiko la hoteli moja ya watalii. Mimi niliuza mboga sokoni, mchicha na kisamvu alivyoniletea kaka yangu kutoka Kakuyuni. Bi Fundi alikaa vyumba vya mbele pamoja na mwanawe, dereva wa lori ambaye hakuonekana sana. Ukumbini ndiko alikoshonea mifarishi, zile shuka nene za viraka zenye tabaka mbili na usufi katikati, ambazo maharusi wa mtaa wetu walitandikiwa. Na ukumbini humo, alasiri, watoto wakishatoka shuleni na chuo cha Kurani, aliwafundisha. Wakubwa kwa wadogo walimwita Bi Fundi. Jina lake nilikuja kulijua baadaye, nikaona halimfai, kwa hiyo sitalitumia.

Vifaa vyake vilikaa katika sanduku la mbao lisilokuwa na kufuli. Mikasi, nyembe, sindano nene za kupigia bandi tabaka zote tatu, na subana, vile vikofia vya chuma vya kuvaa kidoleni, ambavyo kwa mikono ya watoto vilikuwa vikubwa mno na vilidondoka kila mara. Mtu angefikiri mwanamke anayewapa watoto vitu vile atakuwa mlegevu wa sheria. Alikuwa mkali kuliko mwalimu yeyote niliyepata kumwona. Aliyeshika mkasi hasimami. Mkasi hautolewi mkono kwa mkono, unawekwa mkekani na mwenzako anauokota. Anayekata hasemi, na asiyekata hamsemeshi anayekata. Hakuna anayenyanyuka, hata akiitwa na mama yake, kabla hajairudisha sindano kwenye kile kimto kilichojazwa nywele. Mtoto aliyevunja sheria hakupigwa wala kukaripiwa. Alipewa kazi ya kuchambua usufi, kutoa mbegu moja moja, mpaka pua imwashe, na kesho yake akarudi mkekani kama kwamba hakuna kilichotokea.

Na mikasi yake ilikuwa mikali daima. Jirani mmoja alimletea mikasi midogo ya plastiki, zawadi kutoka Mombasa, akidhani amemsaidia. Bi Fundi aliijaribu kwenye kitambaa, ikatafuna. Akairudisha kwa adabu, akasema kitu butu humfanya mtoto atumie nguvu, na mtoto akishatumia nguvu hajui zinakokwenda. Jirani alichukia kidogo. Ile mikasi watoto wake waliichezea mchangani.

Lakini mwanamke huyuhuyu hakumruhusu mtoto yeyote kukaribia kisima cha uani. Alikuwa amekifunika kwa bati na juu ya bati ameweka jiwe ambalo mimi mwenyewe nililisogeza kwa taabu. Aliogopa baiskeli. Jioni aliwasindikiza watoto hadi njia kuu, akawashika mikono pande zote mbili, na ikitokea baiskeli hata iwe mbali kama msikitini, alisimama nao ukutani mpaka ipite. Vijana walijua tabia hiyo wakawa wanampigia kengele kwa makusudi. Jiko la mafuta ya taa hakumwachia mtoto hata alitazame. Nilipata kumwuliza inakuwaje mtu ampe mtoto wembe na amnyime kiberiti. Alifikiri kidogo, maana hakupenda kujibu haraka.

"Wembe hukaa pale ulipouweka," akasema. "Moto haukai."

Sikujua kama hilo lilikuwa jibu au la. Nimelifikiria mara nyingi tangu hapo na bado sina hakika.

Kulikuwa na kijana mmoja katika wale watoto, Swaleh, mtoto wa muuza kahawa. Wavulana walikuja pia, hilo halikumshangaza mtu, kwa kuwa wanaume wa mji ule hushona kofia tangu zamani. Swaleh alitumia mkono wa kushoto. Nyumbani kwao walimfunga kitambaa mkono huo wakati wa kula, na alipokuja kwa Bi Fundi aliushika mkasi kwa mkono wa kulia, akikata kama anayetafuna kamba. Bi Fundi alimwambia auhamishe. Mama yake aliposikia alikuja kulalamika, akasema wanajitahidi kumrekebisha mtoto na yeye anawaharibia.

"Mkono wa kulia ni wa kula," Bi Fundi alimjibu. "Mkasi hauliwi."

Yule mama alicheka bila kutaka, na mambo yakaishia hapo. Swaleh ndiye aliyekuja kuwakata wenzake vipande vyote vya pembe tatu, kwa kuwa mkono wake haukutikisika.

Hakusifu. Hilo Kadzo alilichukia kwa muda mrefu. Mtoto alipoleta mshono ulionyooka, Bi Fundi aliupitisha ukucha juu yake, akasema "endelea," na alipoleta uliopinda alisema "endelea" vilevile. Watoto walijifunza kusikiliza sauti tu. Kadzo alidai kwamba kulikuwa na endelea mbili, moja ndefu na moja fupi, na kwamba ndefu ndiyo nzuri. Mimi sikuweza kuzitofautisha.

Kwa watu wazima alikuwa mwepesi kupita kiasi. Wateja walichelewa, walibadili rangi mfarishi ukiwa nusu, walisahau kabisa kwamba waliagiza, naye alisema si neno. Mwenye duka la hoteli moja, Mwitaliano aliyezungumza Kiswahili cha kuamrisha, alikuja kutaka mifarishi mingi inayofanana ya kuwauzia wageni. Bi Fundi alimkaribisha chai, akakubali kila alichosema, akamwambia inshallah, na hakumshonea hata mmoja. Nilipomwuliza akasema watoto wangelazimika kufanya haraka. Kwa nini hakumwambia yule mtu hivyo? Akasema hakutaka kumuudhi, alikuwa mgeni.

Sababu ya haya yote aliniambia siku moja tu, na hakuniambia kama jambo kubwa. Tulikuwa uani, mimi nakata kisamvu, yeye anaanika usufi juani. Aliutazama mkono wangu kwa muda, kisha akanionyesha kidole gumba chake cha kushoto, ambacho hakikukunjika. Kwao, akasema, watoto wa kike walifichwa visu. Yeye alikuwa kipenzi cha nyumba, hakuguswa na kazi wala na kitu chenye makali mpaka alipoolewa. Wiki ya kwanza kwa mumewe aliletewa samaki mzima aina ya changu amkate. Mawifi walikuwa wameketi wanamtazama. Aliona haya kusema hajui. Akashika kisu kama alivyoona wengine wakishika, na samaki akateleza.

"Walicheka?" nikamwuliza.

"Kwanza walicheka," akasema. "Kisha waliona damu."

Akaendelea kuanika usufi. Nilingoja aseme neno la kumalizia, la mafunzo, kama wazee wengine wafanyavyo. Yeye akaugeuza usufi upande wa pili.

Sasa nifikie siku ambayo watu wa mtaa ule wakimtaja Bi Fundi huitaja kwanza, ingawa mimi nimeiacha hadi hapa.

Ilikuwa alasiri na mimi nilikuwa sokoni. Kadzo alikuwa anafumua mshono kwa wembe, kazi aliyokwisha kuifanya mara nyingi. Mwanamke mmoja alibisha hodi, mama wa biharusi, akataka kuuona mfarishi wa binti yake. Bi Fundi aligeuka, akanyanyuka nusu, akaanza kumwonyesha rangi. Uzi ulimkazia Kadzo, akavuta wembe kuelekea kwake badala ya kuusukuma mbele. Ulimwingia kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, upande wa ncha, hadi ndani.

Niliyasikia sokoni kutoka kwa wauza samaki kabla sijaiona damu yenyewe. Na walichokisimulia zaidi hakikuwa damu. Walisema Bi Fundi amepita njia kuu bila buibui. Mwanamke wa heshima yake, ambaye hata kwenda nyumba ya pili alijitanda vizuri, alikuwa amembeba mtoto mgongoni kwa leso, kichwa wazi, akakata katikati ya baiskeli na mikokoteni mpaka hospitali. Watu wengine hawakumtambua, kwa kuwa hawakupata kuziona nywele zake.

Nilimkuta amesimama nje ya chumba cha kushonea majeraha. Aliponiona hakuniomba radhi wala hakulia. Alinishika mkono akauweka mkononi mwa muuguzi, kana kwamba mimi ndiye niliyepaswa kupelekwa ndani. Kadzo alishonwa. Muuguzi aliniuliza ni mtu gani mwenye akili zake anayempa mtoto wa umri ule wembe. Nilikuwa najiuliza hilohilo.

Jioni, baada ya magharibi, Bi Fundi alikuja chumbani kwetu na bakuli la uji wa mchele. Mume wangu alikuwa amesharudi kutoka kazini. Alikuwa mtu mpole, lakini siku hiyo hakumwambia hata shikamoo. Alimwambia tunahama mwisho wa mwezi.

"Haki yenu," Bi Fundi akasema. Aliweka bakuli chini. "Wembe haukukosea, na mtoto hakukosea. Mato yangu yalikuwa mlangoni."

"Basi ondoa wembe," mume wangu akamwambia.

"Nikiondoa wembe nitabaki na mato yaleyale."

Mume wangu alinitazama mimi, kama anayetaka nimfasirie. Bi Fundi alimgusa Kadzo paji la uso, akatoka.

Kesho yake wanawake wa mtaa walikutana barazani pa mzee wa mtaa. Sikwenda, ila niliambiwa yote. Wengine walitaka afundishe sindano peke yake na kukata akate mwenyewe. Wengine walitaka aache kabisa. Mama wa Swaleh peke yake alisema waiache ile habari ipoe. Mzee wa mtaa alikwenda kumpelekea Bi Fundi maneno yao, akamkuta amekwisha kufunga mlango wa mbele. Bi Fundi alisema hahitaji kuambiwa, ameacha mwenyewe. Kwa wiki nyingi ukumbi ule ulikaa kimya. Watoto walikuja wakaketi kizingitini kwa mazoea, wakachoka, wakaenda kucheza mpira. Bi Fundi alishona ndani, peke yake, na nilipopita kwenda uani nilisikia mkasi ukifanya kazi.

Kidole cha Kadzo kilipona, isipokuwa ncha haikurudi kuwa na hisia. Mume wangu alitafuta chumba kingine, akakosa, akatafuta tena. Nyumbani alipiga marufuku kila kitu chenye makali. Kisu changu cha mboga alikipandisha juu ya paa la jikoni, nikawa nakiomba kila nikitaka kukata kitunguu. Kadzo hakulalamika. Aliketi pembeni ya kitanda na vitambaa vyake, kimya, nasi tukadhani amesahau.

Jumapili moja mume wangu alirudi mapema akamkuta nyuma ya choo. Alikuwa amebandua kifuniko cha kopo la maziwa, kile cha bati chenye meno kama msumeno, anakikwaruza juu ya kitambaa alichokikanyaga kwa goti. Viganja vyake vilikuwa na michubuko mipya na mingine iliyokwisha kukauka, ambayo hatukuiona kwa sababu alikuwa ameficha mikono. Mume wangu hakumpiga. Alimnyang'anya kile kifuniko, akakitazama kwa muda mrefu, akapotea nacho. Nilidhani amekwenda kukitupa. Alikuwa amekwenda kubisha mlango wa mbele.

Sikuwapo walipozungumza, na mume wangu hakuwa mtu wa kusimulia. Ninachojua ni kwamba siku yake ya mapumziko iliyofuata alipangusa viatu, akamshika Kadzo mkono, akaenda ukumbini. Nami nilifuata. Bi Fundi alikuwa ametandika mkeka. Kadzo aliketi mahali pake. Mume wangu alitaka kusimama ukutani, kama askari wa zamu, lakini Bi Fundi akamwonyesha nafasi kwenye mkeka, na mbele yake akaweka mkasi na kipande cha leso.

"Mimi natazama tu, bibi," akasema.

"Utatazama ukiwa na kazi."

Alikuwa mtu aliyekata nyama na samaki kutwa. Alikipeleka kile kitambaa kwa haraka ya jikoni, na mkasi ukampita sentimita chache tu kutoka kidole gumba. Kadzo aliweka sindano yake kwenye kimto kwanza. Kisha akanyoosha mkono, akaugusa mkono wa kushoto wa baba yake.

"Mato hapa, baba," akamwambia.

Hakuna aliyecheka. Mume wangu alianza upya, polepole, akifuata mkono wake wa kushoto kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kipande alichokikata kilipinda vibaya. Bi Fundi alikipitisha ukucha, akasema endelea.

Hatukuhama. Mume wangu akawa ndiye mnoaji wa mikasi ya ukumbi ule; siku zake za mapumziko aliketi uani na kinoo na kopo la maji, na ninavyomjua aliifurahia kazi hiyo kuliko aliyoajiriwa. Watoto walirudi, si wote. Familia mbili hazikuleta watoto wao tena, na jirani wa ng'ambo ya njia hakumsalimia Bi Fundi tangu hapo. Walikutana njiani kila siku, na kila siku Bi Fundi alitoa salamu, na kila siku haikuitikiwa. Sikumsikia akimlaumu.

Yeye mwenyewe alibadili mambo mawili. Kufumua kwa wembe kukafanywa juu ya ubao, kwa kusukuma mbele tu. Na mkeka wake aliuhamisha, akaketi akiupa mlango mgongo. Mgeni aliyebisha hodi aliitikiwa karibu, akaingia, akaketi, akazungumza na kisogo chake mpaka watoto watakapomaliza kukata. Wengine waliona ni dharau. Mama mmoja wa biharusi alichukua kitambaa chake akaondoka.

Tena, kila baada ya muda, alimwita Kadzo, akakishika kile kidole na kukibonyeza ncha.

"Wasikia?"

"Sisikii."

Akakiachia. Hakusema pole. Kadzo aliniambia hakuipenda ile desturi, lakini siku Bi Fundi aliposahau, alijipeleka mwenyewe.

Katikati ya miaka ya themanini mume wangu alipata kazi bora zaidi Kilifi, tukahama. Tuliagana vizuri. Kwa miaka kadhaa nilimtumia salamu kwa watu wanaopanda Malindi, naye alinirudishia salamu na wakati mwingine furushi la viraka kwa ajili ya Kadzo. Kisha salamu zikapungua, kama zinavyopungua.

Kuelekea mwisho wa miaka ya themanini nilikwenda Jilore kwenye matanga ya mjomba wangu, na wakati wa kurudi nikapitia mjini. Kadzo alikuwa shule ya bweni, kwa hiyo nilikuwa peke yangu. Mlango ulifunguliwa na mke wa mwanawe, msichana mpole wa kutoka Mambrui, mtoto kiunoni. Alinipokea mizigo, akanikaribisha, na kabla sijaingia ukumbini akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mama hamwoni mtu sasa isipokuwa kivuli. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Alikataa kwenda kupasuliwa. Aliogopa sana visu vya daktari. Na wao wamelihamisha sanduku la mikasi kwa jirani. Mtoto huyu aliyembeba, akaniambia yule msichana, aliokota sindano mkekani akaitia mdomoni, na yeye aliiona kwa bahati tu. Nilimwambia wamefanya vyema. Nilikuwa namaanisha hivyo.

Bi Fundi alikuwa ameketi mahali palepale, mgongo umeuelekea mlango. Mapajani alikuwa na leso, anaikunja na kuikunjua.

"Shikamoo, Bi Fundi."

"Marahaba. Hiyo ni sauti ya Mama Kadzo." Akanyoosha mikono nikamshika. "Mtoto yuko wapi?"

Nilimweleza habari za shule. Alisikiliza, akauliza anashona, nikasema likizoni hushona. Akauliza habari za mume wangu, za mama yangu, za mvua Kakuyuni. Mke wa mwanawe alikwenda jikoni kutengeneza chai, mtoto amemfunga mgongoni. Bi Fundi alingoja mpaka nyayo zikaisha.

"Una mkasi?" akaniuliza.

"Sina."

"Duka la pembeni wanayo."

Alisema hivyo bila kusihi, kama anayenielekeza njia. Nilifikiria mtoto wa watu anayetambaa ndani ya nyumba ile, na yule msichana mpole aliyeniamini. Nikamwambia nitakachokileta nitaondoka nacho.

"Ondoka nacho," akasema.

Nilipitia jikoni nikasema naenda kununua sukari, na kweli nilinunua sukari. Niliporudi nilimpa yule msichana sukari, nikamwambia asiharakishe chai. Ukumbini niliuweka mkasi mkekani, karibu na goti lake, akauokota. Aliupima makali kwa ukucha.

"Si mkali," akasema. "Utafaa."

Akaikunjua leso, akautafuta upindo kwa vidole, akaanza. Alikata polepole sana. Kitambaa kilifunguka mbele ya mkasi, na kwa muda fulani kilifunguka sawasawa kabisa, mstari ambao mimi mwenye macho nisingeuweza. Uso wake ulikuwa umetulia, umeelekea ukutani. Kisha mkasi ukasita. Aliukunja mkono wa kushoto ndani ya leso, na doa dogo likajitokeza kwenye kitambaa, likaacha kukua.

Jikoni kijiko kiliacha kugonga sufuria.

"Mama?" yule msichana akauliza kutoka kule. "Kuna nini?"

Bi Fundi aligeuza uso kuelekea upande wangu, akangoja.

"Hakuna," nikasema. "Twazungumza tu."

Kisha nikanyamaza, naye akaendelea kukata.